Sura ya Nne: Mnara wa Simu na Jua la Saa Sita

Kampuni ya simu ikija mtaani kutafuta mahali pa kujenga mnara, mwenye kiwanja hupiga hesabu ya kodi na majirani huitisha kikao. Kwenye kikao hicho swali huwa ni lile lile, iwe Mbagala, Kisumu au Bujumbura: mionzi ya huu mnara haitatuletea saratani? Anauliza mama mwenye mtoto mchanga, anauliza mzee anayeishi ukuta kwa ukuta na kiwanja, anauliza na kijana ambaye simu yake haijatoka mkononi tangu kikao kianze. Afisa aliyetumwa hujibu kama alivyoandikiwa: vipimo viko ndani ya viwango, msiwe na hofu. Watu hutawanyika wakiwa na hofu zaidi kuliko walivyokuja.

Sura hii inalijibu swali hilo, ila kwa kuzunguka kidogo. Huwezi kusema mionzi ya mnara ni ya kuogopwa kiasi gani kabla hujajua ni kitu gani. Na ukishakijua, utakuta jamaa zake wamejaa nyumbani kwako: rimoti ya king'amuzi, balbu, jiko la mkaa, na lile jua ambalo kikao chote kimefanyika chini yake, saa sita mchana, bila hata turubai.

Kitu kimoja, majina mengi

Tuanze na antena. Ndani ya chuma chake kuna elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji, zile zile ambazo zikitiririka kwenye waya tunasema umeme upo. Mtambo wa redio huzisukuma elektroni hizo mbele na nyuma kwa kasi kubwa. Zikiyumba, nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku zilizozizunguka nazo hutikisika, na mtikisiko huo huiacha antena ukaenda zake. Hilo ndilo wimbi la sumakuumeme. Halihitaji waya, maji wala hewa ya kupitia. Huvuka hata utupu ulio kati ya jua na dunia, kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ndiyo maana mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Wimbi lolote la aina hii hutambulika kwa mambo mawili. La kwanza ni linatikisika mara ngapi kwa sekunde. Idadi hiyo huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi: megahezi 1 ni mara milioni moja kwa sekunde, gigahezi 1 ni mara bilioni. La pili ni linasafiri umbali gani katika muda wa mtikisiko mmoja. Umbali huo ndio urefu wa wimbi. Kwa kuwa mawimbi yote haya hukimbia kwa kasi moja, masafa yakipanda urefu hushuka. Hesabu yake inafanyika kichwani: gawa 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu kwa mita.

Chukua redio ya nyumbani. Kituo cha FM kilichoko kwenye 100 kinarusha mawimbi ya mita 3. Vuta antena ya redio hiyo mpaka mwisho, uipime: nyingi hufika sentimita 75 au karibu na hapo, yaani robo ya mita 3, kwa sababu antena ya robo wimbi hunasa vizuri. Waliokua wakisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, wanakumbuka watangazaji wakitaja mita bendi ya 31 au ya 25. Zile mita zilikuwa urefu wa mawimbi yenyewe, na ndiyo maana redio za masafa mafupi zilitundikiwa waya kutoka dirishani hadi juu ya mwembe. Simu inayotumia megahezi 900 ina wimbi la sentimita 33. Robo yake ni sentimita 8, hivyo antena yake inaenea ndani ya ganda na huioni kabisa.

Miaka ya 1860 Mskoti James Clerk Maxwell alikokotoa kasi ya mawimbi haya akitumia vipimo vya umeme na sumaku peke yake. Jibu alilopata lilikaribiana mno na kasi ya mwanga, ambayo wengine walikuwa wameshaipima kwa njia nyingine kabisa. Akasema basi mwanga nao ni wimbi la sumakuumeme. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametengeneza wimbi la redio makusudi; Heinrich Hertz wa Ujerumani, ambaye jina lake tunalitaja kila tukisema hezi, alilirusha na kulinasa maabarani kati ya 1887 na 1888, Maxwell akiwa ameshafariki. Katika fizikia yote sijui hesabu nyingine iliyolipa kuliko hiyo.

*Kwa kifupi: mawimbi ya redio, ya simu na mwanga wa taa ni kitu cha aina moja. Yanatofautiana kwa masafa, na kwa hiyo kwa urefu.*

Kutoka redio hadi gama

Ukiyapanga mawimbi yote ya sumakuumeme kuanzia marefu kabisa hadi mafupi kabisa, mpangilio huo huitwa spektra. Wataalamu wameukata vipande na kuvipa majina, ingawa mipaka kati ya kipande na kipande ni ya makubaliano tu, hakuna ukuta.

- Mawimbi ya redio. Yapo ya urefu wa kilomita, yapo ya chini ya mita. Hapa ndipo zilipo AM, FM, televisheni na redio za upepo za polisi na walinzi.
- Mikrowevu. Ni mawimbi ya sentimita, yakishuka hadi milimita 1. Wi-Fi nyingi hutumia gigahezi 2.4, wimbi la sentimita 12 na nusu. Jiko la maikrowevu hutumia karibu masafa hayo hayo. Simu huchezea pale redio inapopakana na mikrowevu. Dishi la televisheni hupokea mawimbi ya sentimita 2 na nusu hivi, ambayo matone ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Ndiyo sababu masika ikishika kasi, mechi hukatika dakika mbaya kuliko zote.
- Infraredi. Huanza pale mikrowevu inapoishia na kukomea kwenye wekundu. Tutaitazama kwa karibu.
- Mwanga unaoonekana. Kuanzia nanomita 700, rangi nyekundu, hadi 400, rangi ya urujuani. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mawimbi ya kijani zaidi ya 100 hutosha ndani ya unene wa unywele mmoja.
- Urujuanimno. Kuanzia nanomita 400 kushuka hadi 10. Taa ya zambarau ambayo karani wa benki huimulikia noti ni ya kundi hili: alama zilizofichwa kwenye noti halali huupokea urujuanimno usioonekana na kuutoa tena kama rangi unayoiona.
- Eksirei. Fupi zaidi, za kupigia picha mifupa.
- Gama. Hutoka kwenye kiini cha atomu, na zina nguvu kuliko zote.

Angalia jinsi kipande tunachokiona kilivyo chembamba. Macho yetu yametengewa sehemu ambayo jua humwaga mwanga mwingi na ambayo hewa na maji huiachia ipite, basi. Mengine yote yanatupita usoni tukiwa hatuna habari.

Infraredi ni rahisi kuikamata. Chukua rimoti ya king'amuzi, elekeza kichwa chake kwenye kamera ya mbele ya simu, kisha bonyeza kitufe chochote huku ukitazama kioo cha simu. Kamera ya mbele ni bora, maana za nyuma nyingi zimewekewa kichujio kikali zaidi. Utaona kitaa kikipepesa, cheupe chenye uzambarau. Sasa itazame rimoti yenyewe kwa macho ukiendelea kubonyeza: giza. Kitaa kile kinatoa mawimbi ya nanomita 940 au karibu na hapo, na kipepeso chake ndicho ujumbe: mpangilio mmoja wa kuwaka na kuzima maana yake ongeza sauti, mwingine badilisha chaneli. Ukidhani rimoti imekufa, weka betri mpya kisha rudia kipimo hiki: kitaa kikipepesa, usiende kununua nyingine.

William Herschel aligundua infraredi mwaka 1800 kwa kifaa cha kawaida kabisa, kipimajoto. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo kinachotenganisha rangi, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi, kisha akakisogeza nje ya wekundu, mahali palipoonekana hapana kitu. Joto likapanda. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi: jiko la mkaa ambalo moto wake umeshafifia, injini ya bodaboda iliyozimwa sasa hivi, na mwili wako.

Infraredi hiyo hiyo ndiyo inayobeba intaneti yetu. Mikonga ya baharini iliyotua pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009 ina nyuzi za kioo ndani yake, na katika nyuzi hizo hupita infraredi ya nanomita 1,550 hivi, kwa sababu kioo hicho huipitisha mbali kuliko mwanga wa rangi yoyote. Siku ya tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilipokatika, watu wa Tanzania na nchi jirani walitazama juu kwenye minara wakiilaumu. Minara ilikuwa mizima. Kilichokatika ni mwanga, chini ya bahari.

Changarawe haziangushi embe

Sasa tunafika kwenye kiini cha swali la kikao. Kama mnara, rimoti, jua na mashine ya eksirei vyote vinatoa kitu cha aina moja, kwa nini kimoja kikulazimishe uvae aproni ya risasi na kingine ukiweke kando ya mto ukilala?

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwanga, pamoja na kuwa wimbi, hupokewa kwa vifurushi. Kifurushi kimoja huitwa fotoni. Ukubwa wa nishati iliyomo ndani ya fotoni moja hutegemea masafa tu: masafa yakipanda mara mbili, nishati ya kila fotoni hupanda mara mbili. Ukiongeza mwangaza wa taa, unaongeza idadi ya fotoni. Kila moja inabaki na nguvu yake ile ile.

Fikiria mtoto anayetaka kuangusha embe lililo juu mtini. Akirusha changarawe, hata zikiwa elfu, zitagusa embe na kudondoka. Kikonyo hakina habari. Jiwe moja la ukubwa wa ngumi likilenga sawasawa, embe chini. Kwenye miili yetu, embe ni viungo vya kikemia vinavyoshikilia molekuli, hasa DNA, ile molekuli ndefu iliyobeba maelekezo ya jinsi seli inavyofanya kazi. Saratani huanza pale maelekezo hayo yanapoharibika na seli ikashindwa kuyarekebisha. Ili kuyaharibu moja kwa moja, fotoni moja lazima iwe na nguvu ya kutosha yenyewe.

Linganisha. Fotoni moja ya mwanga wa kijani ina nishati mara 600,000 ya fotoni ya simu ya megahezi 900. Na huo mwanga wa kijani tunauoga mchana kutwa. Unaweza kupausha mapazia na kusukuma kazi ya majani, lakini hauikati DNA. Fotoni ya eksirei ya hospitalini ina nishati zaidi ya mara 10,000 ya ile ya kijani. Hiyo hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na kuiacha atomu ikiwa na chaji. Kitendo hicho huitwa kuayonisha, na wataalamu huigawa mionzi yote katika makundi mawili kwa kigezo hicho: inayoayonisha na isiyoayonisha.

Je, fotoni ndogo zikiwa nyingi mno hazifanyi kitu? Zinafanya. Zinapasha moto. Jiko la maikrowevu humimina wati mia kadhaa ndani ya kisanduku kilichofungwa, na chai huchemka. Nyama ikiungua kwa maikrowevu imeungua kama ambavyo ingeungua juu ya mkaa. Viwango vya usalama wa minara na simu, kwa hiyo, vimewekwa kwa kuangalia joto: ni kiasi gani cha mawimbi kinaweza kuupasha mwili.

*Kwa kifupi: fotoni za masafa ya chini, ziwe nyingi namna gani, hupasha joto. Za masafa ya juu huvunja, hata moja moja. Mpaka kati ya tabia hizo mbili uko ndani ya urujuanimno.*

Mpaka umepita juu ya vichwa vyetu

Urujuanimno ndio jirani wa hatari ambaye hatumwitii kikao. Fotoni zake, hasa za nanomita kati ya 280 na 315 ambazo huitwa aina ya B, zina nguvu ya kuunganisha vibaya herufi mbili za DNA zilizo kando kwa kando kwenye seli ya ngozi. Seli nyingi hujirekebisha. Chache hazijirekebishi.

Nenda kwenye banda la fundi wa kuchomelea mageti. Anashika fimbo ya kuchomelea, anageuza uso pembeni, anafumba macho, cheche zinaruka. Au amevaa miwani ya jua aliyonunua barabarani. Mwanga mkali anaoukwepa si adui mkubwa. Adui ni urujuanimno unaotoka pamoja nao, ambao haumuumizi pale pale. Anafunga kazi, anakula, analala. Saa nane usiku anaamka macho yakiwa kama yamemwagiwa mchanga, yanatiririka machozi, hawezi kuitazama hata taa. Wapo wanaojiwekea vipande vya kiazi kupoza. Kilichotokea ni kwamba ngozi laini ya mbele ya jicho imeungua, kwa namna ile ile ngozi ya mwili inavyobabuka kwa jua, na huchukua saa kadhaa kuonyesha. Kwa kawaida hupona siku moja au mbili baadaye. Kinyago chenye kioo cheusi maalumu kinazuia yote hayo, na mtoto anayesimama mlangoni akishangaa cheche hana kinyago.

Jua hufanya kazi hiyo hiyo polepole. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu hupita karibu na utosi, hivyo urujuanimno wake hupita kwenye hewa nyembamba kabla ya kutufikia. Kadiri unavyopanda mlima unazidi: kwa kila mita 1,000, kama asilimia 10. Hapo ndipo Nairobi, Njombe na Mbeya zinapowadanganya watu. Hali ya hewa ni baridi, mtu anaona jua ni la kuota tu. Joto unalolisikia kwenye ngozi halipimi urujuanimno. Linaletwa na infraredi, mwanga na hewa iliyokuzunguka. Unaweza kutetemeka huku ukiungua. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa.

Kipimo cha bure kipo: kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, urujuanimno ni mkali, tafuta kingine cha kukufunika. Kikiwa kirefu kuliko wewe, umepungua.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, rangi ya asili inayonyonya urujuanimno kabla haujafika ndani, na ni kinga ya kweli. Macho hayana kinga hiyo ya kutosha. Urujuanimno wa miaka mingi ni miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho. Na kwa watu wenye ualbino, ambao miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa, jua letu ni suala la uhai. Saratani ya ngozi huwapata wakiwa vijana, mara nyingi shingoni, masikioni na usoni, na inazuilika. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kilianzishwa kitengo cha kutengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Losheni, kofia pana, shati la mikono mirefu, na mwalimu anayekubali mwanafunzi asimame kivulini wakati wa paredi: vitu vinne, na cha mwisho hakigharimu hata senti.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeuweka mwanga wa jua kwenye kundi la 1, la vitu ambavyo uthibitisho wake wa kusababisha saratani unatosha. Sijawahi kusikia mtaa uliokusanya saini kudai mti wa kivuli kwenye uwanja wa shule.

Turudi kwenye mnara

IARC hiyo hiyo iliyaweka mawimbi ya redio, mwaka 2011, kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani lakini uthibitisho ni hafifu. Habari hiyo ilizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Haikuzunguka kwamba makundi haya hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, wala kwamba dondoo la jani zima la mshubiri lilikuja kuwekwa kwenye kundi hilo hilo. Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi mkubwa wa tafiti za miaka mingi, uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani. Haukuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo.

Tuweke tarakimu mezani. Kiwango cha ukomo ambacho tume ya kimataifa ya wataalamu, ICNIRP, imekiweka kwa raia kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Kimekokotolewa ili joto linaloingia mwilini liwe mara 50 chini ya lile lililoonekana kuanza kuleta madhara. Jua la saa sita, anga likiwa jeupe, humimina karibu wati 1,000 kwenye mita hiyo hiyo, na sehemu yake ni urujuanimno.

Umbo la mnara nalo lina la kusema. Zile paneli ndefu zilizosimama juu hurusha mawimbi mbele, karibu mlalo, yakishuka taratibu hadi yafike chini mbali kidogo. Aliye miguuni pa mnara hupata machache. Na umbali hupunguza haraka: ukienda mbali mara 10, nguvu inashuka mara 100. Mahali pa kuepuka ni mbele ya paneli yenyewe, hatua chache. Hilo linamhusu fundi anayepanda, na linawahusu wapangaji wa ghorofa ambalo paneli zimefungwa juu ya paa wanapoanika nguo. Paa la namna hiyo lifungwe kwa kufuli.

Kitu kinachokurushia mawimbi mengi zaidi ni simu iliyo sikioni, kwa sababu iko sentimita moja na ubongo. Simu hupunguza sauti yake, kwa maana ya nguvu, ikiwa mnara uko karibu, na hupaza ikiwa mbali. Mtaa unaoufukuza mnara unazilazimisha simu zake zote kupaza. Anayetaka kupunguza atumie spika au waya wa masikioni, hasa pale mtandao unaposhika kwa shida.

Yapo malalamiko juu ya minara ambayo ningeyasimamia mimi mwenyewe kikaoni: jenereta inayonguruma usiku kucha chini ya dirisha la mtu, moshi wa dizeli, uzio mbovu unaoruhusu watoto kupanda. Hayo yana madhara yanayojulikana, nayo husahaulika kwa sababu neno mionzi limekwishateka mjadala. Na vipimo vya mionzi vyenyewe si siri. Nchini Tanzania kazi ya kuvipima iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Wananchi waombe wapimiwe mlangoni kwao, wasomewe tarakimu, wazilinganishe na ukomo.

Ng'ambo ya mpaka

Ukivuka urujuanimno unaingia kwenye nchi ya tahadhari. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana. Dozi ya picha moja ya kifua leo ni ndogo, takriban sawa na ile ambayo udongo, anga na chakula hutupa kwa wiki mbili. Kipimo cha CT, kile cha kulala kwenye mashine ya duara, huweza kufika makumi ya mara ya hiyo. Hayo si ya kukataa ukiambiwa unahitaji. Ni ya kutunzia kumbukumbu: hifadhi picha zako za zamani usirudishwe kupigwa upya kwa uzembe, na mwanamke mwenye mimba, au anayeihisi, aseme kabla mlango wa chumba haujafungwa.

Gama huvunja DNA kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo faida yake ilipo. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi imetumia mashine za kobalti-60, ambazo huelekeza gama kwenye uvimbe kutoka pande mbalimbali, ili seli za saratani zipigwe kila mara na ngozi ya kila upande iguswe mara chache.

Nyota nazo hurusha eksirei, mchana na usiku, na hazitufikii. Hewa iliyo juu yetu ni nyembamba kwa kuiona, lakini uzito wake ni sawa na maji ya kina cha mita 10, na eksirei haipenyi hapo. Anayetaka kuiona anga kwa eksirei lazima apande juu ya hewa. Waitaliano walikuwa na majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, digrii 3 hivi kusini ya ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia humsaidia sana anayerusha roketi kuelekea mashariki. Hapo ndipo Wamarekani waliporushia setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani tu. Siku ya kuirusha iliangukia tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, vingi vikiwa havijawahi kujulikana. Kimoja, kiitwacho Cygnus X-1, eksirei zake zilikuwa zikibadilika kwa sehemu ya sekunde, na kitu kinachobadilika haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Vipimo vya darubini za mwanga wa kawaida vilipoonyesha kwamba kitu hicho kidogo kina uzito wa majua kadhaa, wanaastronomia wakawa wamepata mgombea wa kwanza mwenye nguvu wa shimo jeusi, mahali ambapo mvutano hauruhusu hata mwanga kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.